Valvu ya moyo imebana, daktari anataka kuifungua kwa puto, mavyaa hataki

Assalamu alaykum Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, naishi Konde, Pemba, na nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka mitatu. Nilipokuwa na mimba yake, kuanzia mwezi wa sita nilikuwa siwezi kupanda kile kilima cha kutoka barabarani hadi nyumbani bila kusimama mara mbili tatu. Kila niliyemwambia alinijibu ndiyo mimba hiyo. Nilijifungua salama, lakini usiku wa siku ya pili pumzi zilinikata kabisa, nikawa nakohoa povu lenye rangi ya damu. Mume wangu alinikimbiza hospitali, nikawekewa oksijeni na kuchomwa sindano za kukojoa, na asubuhi nikawa afadhali. Nyumbani wakasema ni husda, maana watu wengi walikuja kumtazama mtoto.

Tangu hapo sijawa mtu kamili. Nikichota maji ndoo moja lazima nikae. Usiku nalalia mito mitatu, nikilala chali nazama. Kituo kimoja walinitibu pumu muda mrefu, nikavuta dawa bila nafuu. Mwaka huu nikampata daktari aliyenisikiliza moyo kwa utulivu, akaniandikia kipimo cha eko, ile picha ya moyo. Karatasi inasema valvu ya mitrali imebana sana, uwazi wake ni sentimita za mraba 0.9, na chanzo ni rumatiki. Nimepewa dawa ya kukojoa, kidonge cha kutuliza mbio za moyo, na sindano ya penisilini ya kila mwezi. Sindano nimeziruka miezi miwili, Mama, zinauma mno, na ya mwisho nilikaribia kuzirai.

Sasa nimepewa rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Nimeambiwa hawatanipasua kifua, wataingiza puto kwenye mshipa wa pajani mpaka lifike moyoni, waipanue valvu. Nilipigwa na butwaa hata swali sikuuliza.

Mavyaa wangu ni mtu mwema kwangu, ndiye aliyenilea uzazini. Lakini hili amelikataa katakata. Anasema moyo haushikwi na binadamu ukabaki mzima. Kuna mzee wa jirani alipelekwa Uhindi, akawekewa valvu mpya kupitia pajani, basi mavyaa anasema na mimi nitatiwa kitu mwilini na sitazaa tena. Ameshanipeleka nikanywa kombe, yale maji ya aya za Kurani, na sasa kuna mganga anataka anipe dawa za miti. Mume wangu yumo katikati, hataki kumvunja moyo mama yake. Yeye anasema tungoje msimu wa karafuu, tukiuza tutapata pesa, ndipo tutaamua. Na huku anatamani mtoto wa pili, nami pia natamani.

Kwani dawa peke yake hazitoshi? Kitu kitatokaje pajani kikafika moyoni? Nikifanyiwa nitazaa? Na mavyaa nimwambie nini?

Mama wa mtoto mmoja, Konde


Wa alaykum salaam, mwanangu.

Kabla ya maswali yako kuna jambo ambalo halingoji karafuu wala kikao cha ukoo: usishike mimba mpaka valvu hiyo ifunguliwe. Wewe umelitaja mwishoni, kwa kupita tu, na mimi ndilo lililonishtua kuliko yote uliyoandika. Mwanamke mwenye mimba damu yake huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na moyo hutakiwa kuizungusha yote. Ikikuta mlango mwembamba hurundikana nyuma yake, ikajaa kwenye mishipa ya mapafu, na maji yakaanza kuchujika kuingia mapafuni. Ndiyo maana ulianza kuchoka mwezi wa sita, wakati ongezeko hilo limeshakuwa kubwa. Na lile la siku ya pili baada ya kujifungua lina maelezo yake: mfuko wa uzazi ukijikaza baada ya kondo kutoka, damu iliyokuwa ikienda huko humrudia mama kwa wingi na kwa muda mfupi. Siku tatu za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa kwa mwenye valvu kama yako. Lile povu yalikuwa maji ya mapafuni. Wageni waliokuja kumwona mwanao hawana dhambi yoyote katika hilo, na ningependa wasamehewe.

Basi nenda kliniki ya uzazi wa mpango na karatasi ya eko mkononi, mwonyeshe muuguzi kabla hajakupa chochote. Kijiti cha mkononi au kitanzi vinakufaa. Vile vidonge vya kila siku vyenye estrojeni usivikubali, kwa sababu huongeza uwezekano wa damu kuganda, na chumba cha moyo kilichotanuka nyuma ya valvu iliyobana ni mahali ambapo damu huganda kwa urahisi tayari. Na kama wakati unasoma hapa umeshapitisha siku zako, usifiche na usikate tamaa: mwambie daktari wiki hii hii. Puto huweza kufanywa hata kwa mjamzito, na madaktari hupendelea iwe baada ya wiki ya 20, ila ni bora zaidi likafanywa kabla ya mimba.

Sasa dawa. Moyo una valvu nne, na yako ni ile iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, inayopitisha damu iliyotoka kuchukua hewa mapafuni. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa uwazi wake ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Ukifika 1.5 kushuka chini, madaktari huhesabu kwamba imebana sana, na wewe uko 0.9. Chanzo ni maumivu ya koo ya utotoni, pengine hata huyakumbuki. Bakteria aitwaye streptokoki hushambulia koo, mwili hujikinga, na kwa baadhi ya watoto kinga hiyo hukosea adui ikashambulia magoti, vifundo na valvu za moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Magoti hupona. Valvu hubaki na kovu, na kovu huendelea kukaza kimyakimya kwa miaka mingi, mtoto anakua, anacheza, anaolewa, mpaka mimba ikaja kulifichua. Vile vipande viwili vya valvu vinakuwa vimeshikana pembeni, kama mfuko wa kanzu ulioshonwa mdomo ukabakishwa tundu la kupitisha kidole.

Kidonge hakifumui mshono. Dawa ya kukojoa inapunguza maji ili mapafu yasijae. Kidonge cha kutuliza mbio kinaupa moyo muda mrefu kidogo kati ya pigo na pigo, damu ipate kupita. Zote mbili unazihitaji na usiache hata moja, lakini kazi yake ni kukushikilia uwe na nguvu mpaka valvu ifunguliwe. Ukizitegemea peke yake, chumba cha juu kitaendelea kutanuka, mapigo yataanza kwenda ovyo bila mpango, damu itaganda humo, na bonge likichomoka likapanda kichwani ni kiharusi. Wapo wanawake wa umri wako waliopooza upande mmoja na kumbe tatizo lilianzia kwenye valvu.

Umeuliza kitu kitatokaje pajani kikafika moyoni. Mshipa mkubwa unaorudisha damu ya mguu hupita kwenye kinena, ukapanda tumboni, ukamwagia moja kwa moja kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo. Njia imekwisha kuwepo. Daktari hukuchoma ganzi kinenani na kukupa dawa ya kukutuliza, mara nyingi bila kukulaza usingizi mzito, kisha hupitisha mrija mwembamba na waya huku akiuona kwenye eksirei. Ukifika chumba cha kulia hutoboa kitundu kwenye ukuta mwembamba unaotenganisha kulia na kushoto, akaingia chumba cha kushoto, akapitisha puto lililonywea katikati ya valvu yako. Puto lenyewe limetengenezwa lenye kiuno. Hujazwa maji yenye dawa inayoonekana kwenye eksirei, kwanza upande wa mbele, halafu wa nyuma, likishajishika sawasawa kiuno nacho hufunguka, na hapo ndipo ile mishono ya pembeni huachia. Hujazwa kwa sekunde chache tu, likanywea tena. Wanapima, na ikibidi wanarudia. Kisha puto, waya na mrija vyote hutolewa. Kile kitundu cha ukutani kwa watu wengi hujiziba ndani ya miezi michache. Kinenani unabaki na jeraha dogo la kubanwa bandeji, na mambo yakienda sawa hukaa wodini siku chache tu.

Juu ya stara, najua hukuuliza lakini najua unaliwaza. Utafunikwa mashuka mwili mzima, na kinachoachwa wazi ni sehemu ndogo ya kinena. Unaweza kuomba muuguzi wa kike awe karibu nawe wakati wa kukuandaa. Sema mapema, usione haya.

Kufungua valvu hii bila kuitoa ni wazo la zamani kuliko mavyaa wako. 1925 huko London daktari Henry Souttar alipasua kifua cha msichana, akaingiza kidole moyoni akaifungua valvu yake kwa kidole, na msichana akaishi. Kilichobadilika ni njia ya kufika. Kanji Inoue, daktari wa upasuaji wa moyo wa Japani, ndiye aliyebuni puto hilo lenye kiuno, akalitumia kwa mgonjwa mara ya kwanza 1982. Baadaye madaktari wa Hyderabad, Uhindi, waliwalinganisha wagonjwa waliofanyiwa puto na waliofunguliwa kifua, wakawafuatilia miaka 3, na matokeo waliyoyachapisha 1994 yalionyesha puto halikuachwa nyuma. Uwazi wa valvu kwa kawaida huongezeka karibu maradufu. Wewe mwenye 0.9 ukifikishwa zaidi ya 1.5, kilima cha nyumbani utakipanda, na pengine mito miwili utaigawa.

Yule mzee wa jirani alifanyiwa kitu kingine. Wazee valvu yao ya aota, ile ya kutokea damu kwenda mwilini, huota chokaa ikawa ngumu. Puto peke yake haliwafai kwa muda mrefu, kwa hiyo huwekewa valvu mpya iliyokunjwa ndani ya mrija, kazi ambayo Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, aliifanya kwa binadamu kwa mara ya kwanza 2002. Watoto waliozaliwa na tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo nao huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa pajani kikabaki humo. Wote hao wameachiwa kitu mwilini, na kimewafaa. Wewe hutaachiwa kitu chochote. Mwambie mavyaa hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Na hapa pana jambo ambalo nataka mumeo alisome mwenyewe, mpe simu alishike. Puto linafaa kwa valvu ambayo bado ni laini. Kovu likiendelea kuwa nene na kuota chokaa, au valvu ikianza kuvuja sana, mlango huo hufungwa na kinachobaki ni kufungua kifua na kubadilisha valvu. Valvu ya chuma hudumu, lakini inakutaka umeze wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yako yote, na wafarini katika miezi ya mwanzo ya mimba inaweza kumharibu mtoto tumboni. Ukiiacha dawa hiyo, valvu inaweza kugandisha damu ukafa. Valvu ya tishu haikulazimishi wafarini ya maisha, ila kwa mwanamke kijana huchakaa, na utarudi kupasuliwa tena kabla hujazeeka. Wakunga na madaktari wanaowahudumia wajawazito wenye valvu ya chuma wanajua ni mashaka ya namna gani. Kwa hiyo hofu ya mavyaa ni ya haki, ila ameielekeza pasipo pake. Anachokiogopa, kwamba hutazaa, kinasogezwa karibu na kila mwezi wa kungoja. Wanawake wengi waliofunguliwa valvu kwa puto na ikafunguka vizuri wameshika mimba na kujifungua, wakiwa chini ya uangalizi wa daktari wa moyo na mkunga kwa pamoja. Lini uanze kutafuta mtoto wa pili, hilo litaamuliwa na eko utakayopigwa baada ya puto.

Sitakuficha hatari zake. Wakati mwingine valvu huchanika pasipotakiwa ikaanza kuvuja sana. Katika ripoti za hospitali mbalimbali hilo huwapata kati ya wagonjwa 2 na 10 kwa kila 100, na baadhi yao huhitaji kufunguliwa kifua haraka. Mara chache ukuta wa moyo hutobolewa damu ikajaa kwenye mfuko wa nje, au bonge la damu husababisha kiharusi. Vifo vipo, ni vichache, na vinapungua pale ambapo mikono ina uzoefu. Ndiyo maana kazi hii hufanywa mahali penye madaktari wa upasuaji wa moyo karibu, na ndiyo maana unapelekwa Dar. Pia, kwa baadhi ya watu valvu hubana tena baada ya miaka. Puto linaweza kukupa muongo au zaidi wa maisha mazuri, lakini kliniki utaendelea nayo.

Ukifika hawatakufanyia papo hapo. Watarudia eko ya kifuani, na kuna uwezekano mkubwa wakakupiga ya kooni: unameza mpira mwembamba wenye kipimo, unaotazama moyo kwa nyuma, kwa sababu bonge la damu lililojificha kwenye chumba cha juu huonekana vizuri huko. Si kipimo kitamu. Utafunga kula kwa saa kadhaa, koo utatiwa ganzi. Wakiliona bonge watakupa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa wiki au miezi kabla ya kukugusa, na ukirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo usidhani umekataliwa. Wataangalia pia unene wa valvu, inavyochezacheza, chokaa, na kamba zinazoishikilia, kila kimoja hupewa alama, na alama zikiwa chache puto linatarajiwa kukubali. Uliza tu: alama zangu ngapi? Ni haki yako kujua.

Nije kwa mavyaa. Mama aliyekukanda na kukuogesha maji ya moto siku arubaini hawezi kuwa adui yako katika hili, na usikubali mtu amgeuze hivyo. Alikuona ukikohoa damu usiku ule. Anaogopa kurudi hapo. Ushauri wangu ni kwamba usibishane naye juu ya kombe wala dua. Kombe umekunywa, dua aendelee, na wewe uiombe pia. Hakuna daktari atakayekuambia dua inagombana na puto. Penye mpaka ni kwenye dawa za miti. Zipo zinazoshusha presha, zipo zinazoharisha na kukumaliza madini ambayo dawa ya kukojoa tayari inayapunguza, na ukija kuanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda zipo zitakazogombana nayo moja kwa moja. Hapo sema hapana kwa upole, na useme umekatazwa na daktari, ili lawama isikae juu yako.

Lakini maneno yako peke yake hayatamshinda. Mwenye kauli ni mwanawe. Mumeo anadhani akikaa kimya anamheshimu mama, na huku anakuacha peke yako mbele ya uamuzi ambao ni wenu wawili. Akae na mama yake siku moja, wewe usiwepo, amweleze lile la mimba na lile la valvu ya chuma. Halafu mavyaa afuatane nanyi kliniki inayofuata. Omba daktari amwonyeshe moyo wako kwenye kioo cha eko, unavyopiga, na mahali damu inapokwama. Watu wazima waliokulia kwenye kazi za mikono, waliozoea kuangalia mambo kwa macho yao, huamini wakiona. Nimewaona wamama waliokataa kwa maneno wakakubali walipokuwa wamesimama pembeni ya kitanda cha kipimo. Na amuulize daktari lile swali lake la uzazi mwenyewe, kwa kinywa chake, ajibiwe yeye.

Karafuu. Najua msimu ni nini kwa nyumba ya Konde, na najua mtu akishapeleka karafuu zake ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, ndipo anapopumua. Lakini karafuu zina mwaka wa kuzaa na mwaka wa kununa, na valvu haifuati msimu. Tarehe ya kuonwa Dar inaweza kuwa ya mbali hata ukiianza leo, kwa hiyo anza leo. Nenda na barua ya rufaa kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iliyokupa rufaa, uwaeleze hali yenu bila kupamba wala kupunguza. Kama mumeo au jamaa yeyote ana ajira yenye michango ya mfuko wa huduma za afya, ulizeni kama unaingia humo. Sheha anaweza kukuandikia barua ya kukutambulisha. Ukoo wenu nao ukichangishana kama unavyochangishana kwa arusi, nauli na chakula cha wiki mbili Dar vitapatikana. Na msikitini kuna zaka. Mgonjwa asiye na uwezo ana sehemu yake humo, hakuna aibu.

Safari yenyewe iandae. Usiende peke yako. Watu wengi siku ya boti huruka dawa ya kukojoa kwa kuogopa foleni ya choo, wakafika bandari ya Malindi, Unguja, wamevimba na pumzi juu. Muulize daktari kama unaweza kuimeza baada ya kufika badala ya kabla, lakini isipite siku bila kuimeza. Keti, usilale chali sakafuni. Dawa zako na karatasi zote za vipimo ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiwe kwenye begi la chini.

Sindano ulizoruka, turudi kwazo. Penisilini ile haiifungui valvu, inazuia koo lingine la streptokoki lisiiongezee kovu, kwa hiyo hata ukishafanyiwa puto utaendelea nayo, kila wiki 3 au 4, na kwa wenye ugonjwa mkali kama wako mara nyingi mpaka umri wa miaka 40 au zaidi. Kule kukaribia kuzirai nakuomba ukakuseme kliniki, usikumeze. Mwenye valvu iliyobana sana presha ikishuka ghafla kwa maumivu au hofu, moyo wake hauna akiba. Kwa hiyo umwambie muuguzi una ugonjwa gani, unywe maji na kula kabla, uchomwe ukiwa umelala, ukae umelala kidogo baadaye. Na umuulize daktari wako kama kwa sasa vidonge vya penisilini vinakufaa zaidi mpaka valvu ifunguliwe. Kwa wagonjwa wa aina yako wapo madaktari wanaochagua hivyo. Kukaa bila sindano wala kidonge, kama ulivyokaa miezi miwili, ndiyo njia mbaya.

Mwanao anakaribia umri ambao homa hii hupenda, miaka 5 hadi 15. Akiumwa koo kwa homa, bila mafua, mpeleke akaonwe, na akipewa dawa amalize zote hata kama siku ya tatu anacheza.

Na kabla ya tarehe yako kufika: ukishindwa kulala kabisa hata kwa mito, ukikohoa povu au damu, moyo ukianza kwenda ovyo na usitulie, mdomo ukaenda upande au mkono ukakosa nguvu, mumeo asingoje kukuche. Akutoe usiku huo huo, gari la jirani, bodaboda, chochote kitakachopatikana, na akifika aseme neno moja la kwanza: valvu ya mitrali imebana. Wakisikia hilo hawatakupa tena dawa ya pumu.